Gazeti Halitafuti "Kibao Kikali": Majibu kwa Bendi Changa za Kanda ya Ziwa

Barua za mwezi huu zimetoka Kirumba, Igoma, Nansio, Musoma na kwingineko kandokando ya ziwa, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: tumerekodi, wimbo ni mzuri, mbona hakuna anayetuandika? Majina ya walioandika tumeyaacha. Baadhi wametaja watu na fedha, na hayo hayamsaidii msomaji mwingine.

Mhariri, salaam. Bendi yetu ina watu watano, tuko Kirumba. Lebo yetu ni chumba kimoja na prodyuza mmoja. Tulituma wimbo na bango kwa WhatsApp kwa magazeti manne na redio sita. Wawili walijibu kwa kidole gumba, wengine kimya. Tumekosea wapi?

Mmetuma wimbo, na kosa liko hapo. Mwandishi wa burudani hachapishi wimbo, anachapisha habari. Wimbo mpya peke yake si habari, kwa sababu siku hiyohiyo simu yake imeingiza nyimbo nyingine ambazo naye hajazisikiliza. Anachotafuta ni jambo ambalo mtu asiyewajua kabisa angelisoma akiwa kwenye daladala.

Tazameni sentensi hii, ambayo hutufikia kila wiki ikiwa imebadilishwa jina tu: "Kundi linalokuja kwa kasi limeachia kibao kikali kinachotarajiwa kutikisa anga la muziki nchini." Ondoeni jina la bendi, wekeni la bendi yoyote, sentensi haidhuriki. Sasa hii: "Wavuvi wawili wa dagaa wa Igombe, mwalimu wa shule ya msingi na mafundi wawili wa mitumbwi wanazindua Ijumaa nyimbo nne walizorekodi usiku wa mbalamwezi, wakati ambao taa za dagaa hazifai kitu ziwani." Hii haiwezi kuwa ya bendi nyingine. Ina watu, ina siku, ina sababu, na mhariri wa Dar es Salaam asiyejua dagaa huvuliwaje tayari ana swali la kuuliza. Ni mfano tu, msijifanye wavuvi kama hamjui hata kushika kasia. Lakini kila bendi ina kitu cha namna hiyo, na mara nyingi ni kile ambacho wenyewe mnakiona cha kawaida mno kukitaja.

Taarifa yenyewe iwe ukurasa mmoja, maneno yasiyozidi 300. Aya ya kwanza isivuke maneno 40 na ibebe nani, nini, lini, wapi. Ya pili ieleze kazi ilivyofanyika: ala gani, chumba gani, lugha gani, nani alirekodi. Ya tatu iwe na kauli ya mtu mmoja, yaani maneno ambayo mtu angeyasema kweli kwa mdomo wake. "Tunawashukuru mashabiki kwa sapoti" hufutwa kabla haijafika kwa mhariri. Aya ya mwisho ina tarehe, ukumbi, kiingilio, na namba moja ya simu ambayo mwenye nayo hupokea. Waandishi wengi wa mikoani hulipwa kwa habari iliyochapishwa. Mwandishi akipiga mara mbili bila kupokelewa, anahamia kwenye habari nyingine, na hana kosa.

Kuhusu bango: maneno yaliyo ndani ya picha hayanakiliki kirahisi. Kumtumia mwandishi bango peke yake ni kumwongezea kazi ya kuyachapa upya. Wekeni maandishi ndani ya barua pepe yenyewe, si kwenye PDF, na kichwa cha barua kiwe na habari na siku: "Wavuvi wa Igombe wazindua nyimbo nne Ijumaa." Kichwa "Habari za kazi" hakifunguliwi. Na msiwatumie kwa mkupuo watu kumi wakionana majina. Nunueni magazeti kwa wiki mbili, muone nani huandika utamaduni na burudani kutoka Mwanza, kisha mwandikieni yeye kwa jina lake. Klabu ya waandishi wa habari ya mkoa nayo ni mahali pa kuuliza nani anaandika nini.

Tunatoa EP (albamu fupi) Ijumaa ijayo. Tuanze lini kuwatumia waandishi? (Nansio, Ukerewe)

Mmeshachelewa. Kama hamjalipia ukumbi, sogezeni tarehe.

Hesabuni kurudi nyuma kutoka siku ya kutoka. Jarida la kila mwezi linahitaji wiki 6 hadi 8, kwa kuwa toleo mtakalosoma mwezi ujao limeshafungwa. Msambazaji wa mtandaoni, yaani anayewawekea nyimbo kwenye majukwaa kama Spotify, apewe faili na kava wiki 4 kabla. Yeye ndiye kwa kawaida hutoa namba ya ISRC, yaani namba ya utambulisho wa rekodi, yenye herufi na tarakimu 12, ambayo hubaki na rekodi hiyo daima. Kama mnataka wahariri wa Spotify waufikirie wimbo kwa orodha zao, maombi yawafikie angalau siku 7 kabla haujatoka. Ukishatoka, mlango huo umefungwa kwa wimbo huo. Kurasa za mwisho wa wiki zipeni wiki 2, redio siku 10, gazeti la kila siku siku 4 au 5. Ukitangulia mno kwa gazeti la kila siku, unasahaulika.

Mkimpa mtu wimbo kabla ya siku yake, mstari wa kwanza kabisa useme: "Isichapishwe wala kurushwa kabla ya saa 6 usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa." Ukiuweka mwisho wa barua, wimbo utasikika Jumatano.

Tumeni Jumanne au Jumatano kabla ya saa 4 asubuhi. Jumatatu chumba cha habari kinashughulikia ya mwisho wa wiki, na Ijumaa mchana kila mtu ana haraka. Ulizieni mara moja tu, baada ya siku tatu, kwa ujumbe mfupi wenye kitu kipya ndani yake: picha ya mazoezi, ukumbi uliothibitishwa. "Naomba kukumbushia" haina kitu kipya.

Tazameni kalenda pia. Siku ya Dabi ya Kariakoo hata waziri huhamia ukurasa wa ndani, sembuse nyinyi. Kwa kawaida mwezi Juni kuna Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma pale Bujora, Kisesa, ambalo tarehe yake hufuatana na sikukuu ya Ekaristi na kwa hiyo huhama kila mwaka pamoja na Pasaka. Wiki hiyo waandishi wa utamaduni wa kanda wanatazama Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana. Bendi inayochanganya gita na bugobogobo, ngoma ya Kisukuma, inaweza kuipanda wiki hiyo kama wimbi. Bendi ya roki ya mjini ingoje ipite.

Na kabla hamjatangaza tarehe ya uzinduzi, kibali kiwe mkononi kutoka kwa afisa utamaduni wa halmashauri husika. Wa mjini hukosea hapa: ukumbi wa Capri Point uko Jiji la Mwanza, wa Kirumba au Pasiansi uko Manispaa ya Ilemela. Mkienda ofisi isiyo yenu mnapoteza siku mbili, na onyesho likiahirishwa baada ya habari kuchapishwa, mwandishi aliyewaamini ndiye anayeulizwa na mhariri wake.

Redio wanasema wimbo wetu "haukai hewani". Sauti ni safi, tumerekodi studio nzuri. Maana yake nini? (Igoma)

Mara nyingi si ubora wa sauti. Ni mojawapo ya haya.

Utangulizi mrefu. Gita la sekunde 50 kabla ya sauti ya kwanza ni tamu ukumbini, lakini redioni mtangazaji huzungumza juu yake au hulikata. Tengenezeni toleo la redio la dakika 3 hadi 3 na nusu, sauti ianze ndani ya sekunde 15. Toleo refu libaki kwenye EP, hakuna anayewanyang'anya.

Maneno. Kituo hujibu mbele ya Kamati ya Maudhui ya TCRA kwa kila kinachorushwa, kwa hiyo mtangazaji asiyeelewa mstari mmoja wa Kisukuma au Kikerewe huona salama kuuacha wimbo wote. Ambatanisheni mashairi na tafsiri ya Kiswahili, mstari kwa mstari. Kama kuna neno zito, tumeni toleo safi tangu mwanzo, tena liitwe hivyo kwenye jina la faili.

Faili. WAV ya kawaida, biti 16 na kilohezi 44.1, hula takriban megabaiti 10 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 ni 40, na Gmail inakomea 25 kwa barua moja. MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde hula 2.4 kwa dakika, yaani wimbo huohuo haufiki 10. Tumeni MP3 hiyo, na WAV iwe kwenye kiungo kwa anayeitaka. Mtangazaji anatumia bando lake mwenyewe. Jina la faili liwe bendi, wimbo, toleo. "Mix final final 3" hupotea kwenye kompyuta ya studio siku hiyohiyo. Faili mkiituma kwa WhatsApp itumeni kama dokumenti, sio kama sauti, ili jina lisipotee njiani. Jazeni pia taarifa za ndani ya faili: jina la bendi, mtunzi, mwaka, ISRC. Ongezeni dakika moja ya muziki bila sauti za waimbaji. Mtangazaji huitumia kuzungumza juu yake wakati wa mahojiano, na wimbo wenu unasikika kwa dakika kumi badala ya tatu.

Kisha fikirieni mnaanzia wapi. Kila bendi hukimbilia Radio Free Africa na Jembe FM, na foleni ni ndefu. Redio SAUT FM iko chuoni Malimbe, na chuo hufundisha waandishi ambao kesho watakuwa kwenye magazeti. Nje ya jiji kuna Radio Sengerema, Storm FM ya Geita, Victoria FM ya Musoma, Kasibante FM ya Bukoba. Kituo kidogo kinaweza kuwapa dakika 20 za mazungumzo. Ombeni nakala ya rekodi hiyo, kateni sekunde 40 zilizo bora, na hizo ndizo mnazomtumia mwandishi wa gazeti ili ajue mnaweza kuongea.

Mkiitwa kupiga mubashara, ulizeni mapema maikrofoni ni ngapi. Studio nyingi za mazungumzo zina mbili hadi nne na hazina nafasi ya dramu. Nendeni watatu: gita, kayamba, sauti mbili. Bebeni waya wenu wa jeki ya milimita 6.35, kiboksi cha DI (cha kuunganisha gita na mixa), na betri mpya za gita. Mngurumo unaosikika chini ya gita kwa kawaida hutoka kwenye chaja ya kompyuta iliyounganishwa kwenye mixa ileile. Ichomoeni kabla hamjamlaumu fundi. Fikeni dakika 45 kabla.

Picha zetu zilirudishwa. Mpiga picha ni wa harusi, ana kamera nzuri. (Nyegezi)

Kamera haina neno, njia mliyotumia ndiyo iliyoharibu. Picha ya kuchapwa kwa upana wa sentimita 15 kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli 1,772 upande huo, na WhatsApp ikituma kama picha huipunguza. Itumeni kama dokumenti au kiungo. Toeni picha moja pana na moja ya wima, bila maandishi wala nembo ya mpiga picha juu yake, na maelezo ya majina kuanzia kushoto, pamoja na jina la aliyepiga.

Mwangaza mzuri Mwanza huanza kama saa 11 na nusu jioni na unakwisha kabla ya saa 1. Na tafadhali, si mbele ya Jiwe la Bismarck. Jiwe ni zuri, lakini lipo kwenye kila kalenda, na picha hiyo haimwambii mtu nyinyi ni nani. Stoo ya nyavu, gereji, benchi la mama lishe wenu: huko ndiko bendi huonekana.

Mwandishi mmoja alisema habari itatoka tukimpa "ya maji". Lebo ina laki mbili tu kwa matangazo yote. Tumpe? (Musoma)

Msimpe. Kanuni za maadili za Baraza la Habari Tanzania zinamkataza mwandishi kupokea hongo, hilo linajulikana, lakini hata mkiliweka kando, hesabu yenyewe haikai. Habari iliyonunuliwa hutoka mara moja, husifu bila kueleza, na haina sentensi hata moja mnayoweza kuinukuu kwenye maombi ya tamasha. Wimbo unaolipiwa hupigwa mpaka fedha ikiisha. Toleo lijalo bei imepanda, kwa sababu sasa mnajulikana kama wanaolipa.

Tenganisheni vitu viwili. Tangazo ni biashara halali: lina bei ya kituo, ankara na risiti, na linatajwa kuwa tangazo. Nauli nayo ni tatizo la kweli. Mwandishi wa kujitegemea akija kuwaona huko Bweri anatoa mfukoni, na habari inaweza isichapishwe. Punguzeni gharama yake badala ya kumlipa: fanyieni mkutano mahali daladala inafika, au mpeni mahojiano ya simu ya dakika 15 pamoja na picha na mashairi tayari. Jibu la kumpa mtu ni fupi, bila hasira: "Kaka, lebo yetu hailipii habari. Nikikupa taarifa kamili na mtu wa kuongea naye leo, itakusaidia?" Wapo watakaonyamaza. Wapo pia ambao walikuwa wanajaribu tu.

Laki mbili zenu: picha ndizo zipewe kubwa, halafu bando la mwezi, halafu nauli ya watu watatu kwenda redio mbili. Fulana za bendi zingoje.

Lebo yetu ya Buzuruga ina bendi nne. Zote zimemaliza kurekodi. Tuzitoe pamoja ili tuwe na kishindo? (Meneja)

Kwa msomaji kishindo cha bendi nne ni kelele moja. Mwandishi hawezi kuwaandika mara nne mwezi mmoja, atachagua moja na tatu zitakufa. Wekeni wiki 5 au 6 kati ya toleo na toleo, mkianza na bendi inayoongea vizuri, hata kama si inayopiga vizuri kuliko zote. Bendi ya kwanza ndiyo inayowafungulia mlango wa simu kupokelewa.

Njia ya kuzitoa pamoja ipo, ila basi habari si bendi, ni mahali. Lebo ndogo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mwaka 2017 mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso ya Dar es Salaam, na waandishi wa muziki walioko Ulaya waliandika juu ya singeli. Kilichoandikwa kilikuwa studio, mtaa na kasi ya muziki. Kama bendi zenu nne zina sauti inayofanana, chumba kimoja na mtaa mmoja, mkusanyiko wa nyimbo nane unaweza kuwa na uzito ambao EP nne hazina. Kama zinafanana kwa kuwa tu wewe ni meneja wao, zitenganishe.

Kwa vyovyote, mtu mmoja tu ndiye aongee na waandishi. Awe na jedwali: jina la mwandishi, chombo, anaandika nini, alitumiwa nini na lini, alijibu nini. Bila jedwali, mpiga besi na prodyuza watampigia mtu mmoja siku moja wakiwa na tarehe mbili tofauti. Awe pia na wasifu wa kila bendi kwa urefu wa aina tatu, maneno 30, 100 na 300, kwa sababu mtangazaji husoma wa kwanza, gazeti hutumia wa pili, tamasha huomba wa tatu. Sauti za Busara ya Zanzibar, kwa mfano, hufanyika Februari lakini maombi hufungwa miezi mingi kabla, na kwa kuwa inataka muziki unaopigwa moja kwa moja, video ya mazoezi isiyokatwa inafaa kuliko video ya wimbo yenye magari ya kukodi.

Tutengeneze kiki? Mwimbaji na mpiga gita wasingizie wamegombana. (Pasiansi)

Andikeni kichwa cha habari mnachokitarajia. Kama jina la wimbo halimo, mmefanya kazi ya bure. Halafu mwandishi akigundua, namba yenu haipokelewi tena.

Habari imetoka! Lakini wameandika jina la bendi vibaya na kumtaja mpiga dramu kuwa mwimbaji. Tuandike mtandaoni kwamba wametukosea? (Mabatini)

Hapana. Mpigieni mwandishi asubuhi hiyohiyo, mumshukuru, kisha mumtumie ujumbe mmoja wenye sentensi iliyokosewa na iliyo sahihi, moja chini ya nyingine. Toleo la mtandaoni hurekebishwa kwa dakika chache. La karatasi limeshachapwa, ila jina likiwa limeharibika kabisa mnaweza kuomba masahihisho kwa mhariri. Angalieni pia taarifa mliyotuma: mara nyingi kosa limeanzia humo, jina limeandikwa kwa namna moja kwenye kava na kwa nyingine kwenye barua.

Nunueni nakala mbili za gazeti, moja ya faili la lebo. Pigeni picha ukurasa mzima ukionyesha jina la gazeti na tarehe. Nukuuni sentensi moja tu iliyo bora, pamoja na jina la gazeti, na iwekeni juu ya taarifa mtakayomtumia mwandishi anayefuata.